Sabufa za Jukwaani: Uziweke Wapi, Uziunge Vipi

Mjini Tanga mitambo ileile inaweza kufungwa Ijumaa usiku kwenye harusi ya mtaani Ngamiani, chini ya turubai, Jumamosi ikaingia ukumbini penye vigae na kuta tupu, na Jumapili ikashushwa ufukweni Raskazone. Sabufa, yaani spika za besi, ni zilezile na nyimbo ni zilezile, ila besi hutoka kwa namna tatu tofauti. Mwenye mitambo akiona ukumbini inavuma na ufukweni imepotea, wazo la kwanza linalomjia ni kuongeza sabufa nyingine. Haya ni kwa ajili ya aliyekwama kabla hajatoa hiyo pesa: ana sabufa moja, mbili au tatu, anajiuliza aziweke pamoja au azigawe, na waya wa besi autoe wapi kwenye mikseri.

Naanza na mahali, kisha waya. Waya unaweza kuhamishwa hata wageni wakiwa wameketi, lakini sabufa ya kilo arobaini ikishazungukwa na viti na meza ya keki haitoki tena.

Tupime kwa vipimo gani

Kipimo cha kwanza kwangu ni maneno. Tangu vikundi vya mji huu, Black Star na Lucky Star, vilipoingiza magitaa ya umeme na besi kwenye taarabu miaka ya 1960 na 1970, taarabu ya Tanga imekuwa ya kuchezeka. Hata hivyo mtu huinuka kutunza kwa sababu ya shairi. Fumbo likimezwa na besi, kuna aliyelipwa aimbe na hakusikika. Besi nzuri ni ile inayomwinua mtu kitini huku neno la mwimbaji limebaki wazi.

Cha pili ni usawa: aliyekaa katikati na aliyekaa pembeni wasikie besi inayokaribiana. Cha tatu ni nguvu, hasa ile unayoipata bure kwa kupanga tu. Cha nne ni kinachokwenda nyuma, yaani jukwaani kwenye maiki na nyuma zaidi kwa majirani. Cha tano ni vifaa na muda, pamoja na ukubwa wa hasara ukikosea. Kwenye kuunga waya, usawa na majirani havibadiliki sana, kwa hiyo huko nitabaki na maneno, vifaa na hatari.

Kuna hesabu moja ya kushika, maana ndiyo inayoeleza karibu kila kitu hapa. Kwenye joto la pwani, kama nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi: besi ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.5, ya hezi 50 mita 7, na ya hezi 40 karibu mita 8.7. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa hezi 41. Kwa hiyo mengi ya mawimbi tunayoyazungumzia yanakaribia au kupita upana wa jukwaa la harusi. Hayajali kitambaa cha pambo wala meza, yanapinda kona, na yanatoka kwenye sabufa kwenda pande zote, nyuma karibu sawa na mbele. Mawimbi mawili yakifika pamoja yanasaidiana. Moja likichelewa nusu ya urefu wake, yanauana.

Mahali pa kwanza: moja kila upande

Huu ndio mpangilio wa mazoea. Sabufa moja kushoto, moja kulia, na spika ya juu imesimama kwenye bomba juu ya kila sabufa.

*Maneno.* Yanatoka vizuri, kwa sababu spika ya juu imeinuka juu ya vichwa vya watu na sabufa iko chini yake palepale. Sauti ya juu na ya chini zinafika kwa pamoja bila ya kurekebisha chochote. Usiidharau faida hii, maana ni sababu ya kweli ya mpangilio huu kupendwa.

*Usawa.* Hapa ndipo udhaifu ulipo. Katikati, palipo na umbali sawa kutoka sabufa zote mbili, besi zinajumlika na unapata mstari wa besi nzito kutoka jukwaani hadi nyuma. Ukitoka kwenye mstari huo, sabufa moja inakuwa mbali kuliko nyingine. Chukua sabufa zilizoachana mita nane. Simama mita kumi mbele, kisha sogea pembeni kama mita nne, karibu usoni pa sabufa ya upande huo. Tofauti ya umbali imekuwa karibu mita 2.8, ambayo ni karibu nusu ya wimbi la hezi 60. Hapo hezi 60 inazama, na huko ndiko kiki, ile ngoma kubwa ya mguu ya dramu, inakoishi. Mtu amekaa mbele ya sabufa na hasikii mdundo! Ndiyo maana katika kumbi nyingi mafundi husifiana besi wakiwa wamesimama kwenye mikseri katikati, huku meza za pembeni zikilalamika kwamba muziki hauna uzito.

*Nguvu.* Katikati utapata nyingi, pembeni utakosa.

*Nyuma.* Jukwaa lote linapata besi, na wanamuziki walio katikati ya jukwaa wanapata mjumuisho wa pande mbili.

*Nafasi na muda.* Hakuna unaofungwa haraka kuliko huu, wala usiohitaji kuelezana na mpambaji. Katikati ya jukwaa panabaki wazi kwa maharusi.

Unamfaa mwenye ukumbi mwembamba ambako watu wengi wako karibu na mstari wa kati, mwenye muda mfupi, na asiye na kifaa cha kuchelewesha sauti.

Mahali pa pili: zote pamoja

Unazileta sabufa mbili zigusane, katikati mbele ya jukwaa au, kama katikati hapapatikani, zote upande mmoja.

*Nguvu.* Naanza na hili kwa sababu ndilo linalogusa mfuko. Sabufa mbili zilizogusana zinatoa karibu desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya moja, na zinatoa hivyo kwa kila aliyepo mbele, si kwa mstari wa kati peke yake. Ukiwa na sabufa mbili zilizoachana mita nane na ukazisogeza pamoja, meza za pembeni zinaweza kuhisi kama umenunua nyingine. Ufukweni, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti na kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchezeka na kutochezeka.

*Usawa.* Ni bora kuliko wa kwanza. Chanzo kimekuwa kimoja, hakuna mawimbi mawili yanayofukuzana.

*Maneno.* Hapa kuna kazi ya kufanya. Sabufa iko katikati, spika za juu ziko pembeni na pengine nyuma yake, hivyo kwa msikilizaji sauti hazifiki pamoja. Kwenye mpaka wa besi na sauti ya kati, kifua cha mwimbaji wa kiume kinaweza kupungua au kuvimba. Dawa ni kuchelewesha ile iliyo mbele: kila mita moja ya tofauti ni karibu milisekunde 2.9. Sabufa iliyotangulia mbele ya spika za juu kwa mita mbili icheleweshwe kama milisekunde 5.7. Spika za juu zikiwa ndizo zilizo karibu na watu, zicheleweshwe hizo.

*Nyuma.* Zikiwa mbele ya miguu ya mwimbaji, jukwaa linatetemeka. Ziweke chini, kwenye ardhi au sakafu, kamwe si juu ya mbao za jukwaa lenye uwazi ndani. Jukwaa la namna hiyo ni ngoma, na stendi za maiki zinasimama juu yake.

*Nafasi na muda.* Utagombana na mpiga picha na mpambaji. Waya pia unakuwa mrefu zaidi kwenda kwenye spika za juu, na spika hizo zitahitaji stendi zake zenyewe.

Unamfaa mwenye eneo pana, nje, watu wametapakaa kushoto na kulia, na sabufa zisizotosha.

Mahali pa tatu: ukutani au konani

*Nguvu.* Ukuta ni sabufa ya bure. Besi iliyokuwa inakwenda nyuma inarudishwa mbele, na kwa hesabu ya vitabu unaongeza hadi desibeli 6 kwa ukuta mmoja na nyingine kama hizo kwa kona. Ukumbini hupati zote, kwa sababu milango, madirisha na dari nyepesi vinakula sehemu yake.

*Usawa.* Unategemea neno moja: *kugusa*. Sabufa iliyoachwa katikati ya njia, si ukutani wala mbali, ndiyo mbaya kuliko zote. Uso wa sabufa ukiwa mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, wimbi la hezi 58 linakwenda ukutani na kurudi likiwa limechelewa nusu, na linaua lile la mbele. Ukiwa mita moja, shimo linakuwa hezi 87. Lakini kisanduku chenye kina cha sentimita 70 kikisukumwa hadi kiguse ukuta, shimo linapanda hadi karibu hezi 125, juu ya sehemu ambayo sabufa inafanya kazi, na halikusumbui tena. Watu huacha nafasi nyuma ya sabufa ili ipumue. Sabufa yenye amplifaya ndani inahitaji hewa ya kupoa, ndiyo, na sentimita kumi zinatosha kwa nyingi. Mita moja haihitajiki na inaharibu.

*Maneno.* Kona inaamsha mavumo yote ya chumba. Noti moja ya kinanda inalia kupita wenzake na kubaki ikizunguka baada ya kidole kuinuka. Kwa singeli, ambayo kiki zake zinafuatana kwa kasi kubwa sana, mavumo hayo yanageuza mdundo kuwa ngurumo moja isiyokatika. Kwa taarabu ya taratibu utavumilia, ukiikata noti inayolia kwenye ikwalaiza.

*Nyuma.* Ukuta wa pamoja na nyumba ya jirani utampelekea jirani mtetemo. Fikiria hilo kabla. Kanuni za nchi za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo hazikutaja sauti peke yake, na mtetemo wa besi ndio unaomfikia mgonjwa na mtoto aliyelala.

*Nafasi na muda.* Ni rahisi, na watu hawajikwai.

Unamfaa mwenye ukumbi mdogo, sabufa moja, na muziki usio wa kasi.

Mahali pa nne: mpangilio wa kuzima nyuma

Hapa sabufa moja inapewa kazi ya kufuta besi inayokwenda nyuma. Namna nyepesi ya sabufa mbili: ya pili inakaa mita 1.2 nyuma ya ya kwanza, zote zinatazama mbele, kisha ile ya nyuma inageuzwa polariti (chanya na hasi zibadilishane) na kucheleweshwa milisekunde 3.4. Nyuma mawimbi yanauana, mbele yanasaidiana. Ukiwa na tatu, zipange kwa mnara au kwa mstari, ya kati itazame jukwaani, nayo igeuzwe polariti na kucheleweshwa kwa kiasi kinacholingana na kina cha kisanduku.

*Nyuma.* Ndiyo sababu yake ya kuwepo. Jukwaa linatulia, maiki za violini na ngoma haziokoti besi, na nyumba zilizo nyuma ya jukwaa zinapata nafuu ya desibeli 10 au zaidi ikipangwa vizuri.

*Maneno.* Yanafaidika kuliko kwenye mpangilio mwingine wowote, kwa njia ya mzunguko: besi isipoingia kwenye maiki ya mwimbaji, haipigwi mara ya pili.

*Nguvu.* Unalipa. Sabufa zilezile zote zikitazama mbele kwa pamoja zingekuwa na nguvu zaidi.

*Usawa.* Mzuri, zikiwa kundi moja. Ukifanya makundi mawili kushoto na kulia, yale mashimo ya pembeni yanarudi.

*Nafasi na muda.* Lazima uwe na prosesa (kifaa cha kugawa na kupanga sauti kabla ya spika) au mikseri ya kidijitali yenye kuchelewesha kwa kila njia, sabufa ziwe za aina moja, na nyuma yake pawe wazi. Ukiisukuma ukutani, mpango mzima unakufa. Ukikosea polariti utazima mbele na kuwapigia majirani, kwa hiyo zunguka nyuma usikilize kabla ya wageni kufika.

Unamfaa mwenye bendi ya moja kwa moja yenye maiki nyingi, au jukwaa lenye nyumba za watu mgongoni.

Waya: njia tatu za kuifikisha besi

*Njia ya kwanza, kupitia sabufa yenyewe.* Sabufa nyingi zenye amplifaya ndani zina krosova, yaani kichujio kinachotenga besi na sauti za juu. Waya wa kushoto na kulia kutoka mikseri unaingia kwenye sabufa, na sabufa inatoa kilichobaki kwenda spika za juu.

Kwa maneno, inaridhisha, kwa sharti moja: kila kilicho kwenye mikseri kinakwenda kwenye sabufa, pamoja na maiki. Kishindo cha maiki inayoshikwashikwa, pumzi ya mshereheshaji kwenye herufi P na B, upepo wa bahari unaopuliza kwenye maiki ufukweni, vyote vinatoka kama mabomu. Kwa hiyo kitufe cha kukata besi kwenye njia ya kila maiki, ambacho kwenye mikseri nyingi kinakata chini ya hezi 80 au 100, kibonyezwe bila mjadala. Sauti ya mwanamume anayeongea huanzia karibu hezi 85, humpokonyi kitu cha maana.

Vifaa ni waya tu. Hatari iko kwenye matundu ya kutokea. Sabufa nyingine ina tundu linalotoa sauti iliyokatwa besi, na jingine lililoandikwa THRU linalopitisha sauti nzima kama ilivyoingia. Ukichomeka spika za juu kwenye la pili bila kukata besi kwenye spika zenyewe, zote mbili zitapiga besi ileile kutoka sehemu mbili, na spika ndogo itachoka kwa kazi isiyo yake.

Inamfaa DJ, mshereheshaji, harusi ya muziki wa kanda na kinanda kimoja, na fundi anayefanya kazi peke yake.

*Njia ya pili, krosova au prosesa ya pekee.* Inakaa kati ya mikseri na amplifaya. Ndiyo njia ya lazima kwa sabufa zisizo na amplifaya ndani, isipokuwa amplifaya yako iwe na krosova yake.

Kwa maneno, ndiyo inayokupa udhibiti: unachagua mpaka wa besi na sauti ya kati, kwa kawaida kati ya hezi 80 na 120, unachelewesha, unaweka kizuizi cha kulinda spika. Unakata pia kilicho chini ya hezi 30 au 35, ambacho sikio halikipati vizuri lakini kinaisukuma koni ya spika mpaka ichanike. Ningependa kila mwenye sabufa kubwa awe na hicho cha mwisho hata kama hana kingine.

Vifaa ni vingi: prosesa, amplifaya, waya nene. Kwa sabufa, waya wa spika wa milimita za mraba 2.5 ndio wa kuanzia. Waya mwembamba wa taa unageuza nguvu uliyolipia kuwa joto njiani. Hesabu omu pia, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Sabufa mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, nne zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi haziruhusiwi kushuka hapo.

Hatari ni ya aina mbili. Waya mmoja uliogeuzwa chanya na hasi ndani ya plagi unaifanya sabufa moja ipingane na mwenzake, na kadiri unavyoongeza sauti ndivyo besi inavyozidi kukataa kuja. Ya pili ni mikono mingi kwenye prosesa. Ukishapanga, ifunge kwa namba ya siri.

Inamfaa mwenye mitambo ya kukodisha, anayepiga sehemu tofauti kila wiki na anayetaka mipangilio ya pili na ya nne ya hapo juu.

*Njia ya tatu, oksi.* Sabufa inalishwa na oksi ya mikseri, yaani tundu la ziada la kutolea sauti ambalo unaliamulia chombo gani kiingie na kwa kiasi gani. Unafungua oksi kwenye kiki, gitaa la besi, kinanda na kompyuta ya DJ, na kuifunga kwenye maiki zote.

Kwa maneno, hakuna njia safi kama hii. Besi haipokei hata chembe ya maiki. Bendi ya taarabu yenye waimbaji wanne wakipokezana, wengine maiki mkononi wamesimama karibu kabisa na sabufa, inatulia mara moja. Violini na udi vinaacha kuunguruma.

Kifaa cha ziada hakihitajiki, lakini oksi ndiyo bei yake. Mikseri ndogo yenye oksi mbili, moja ikishakwenda kwenye spika za waimbaji na nyingine kwenye mwangwi, haina ya kutoa. Oksi yenyewe iwe ile inayofuata feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Penye kitufe kilichoandikwa POST, kibonyeze. La sivyo utashusha feda ya kinanda na besi yake itabaki inapiga peke yake. Kumbuka pia kwamba oksi inatoa sauti nzima, kwa hiyo krosova ya sabufa lazima iwe imewashwa, na spika za juu zikatwe besi kwa upande wao.

Hatari yake ni ya polepole. Feda ya oksi ni rahisi kusukuma, na kila mtu akipita anasukuma kidogo. Kila inapopanda, uwiano kati ya sabufa na spika za juu unabadilika, na kile ulichopanga saa kumi jioni si kinachosikika saa tano usiku. Tia alama kwa kalamu.

Inamfaa bendi yenye fundi anayebaki kwenye mikseri mwanzo hadi mwisho. Fundi anayefunga kisha akaenda kula, hapana.

Umeme, kwa ufupi

Umeme wetu ni wa hezi 50, na sabufa inaipiga hezi 50 vizuri kabisa. Ule mvumo wa kudumu unaosikika kabla ya muziki kuanza mara nyingi unatoka kwenye ardhi za umeme zinazopishana. Lisha mikseri na spika zote kutoka chanzo kimoja, tumia waya wa jeki za pini tatu, ambao unavumilia hata mita 30, na waya wa gitaa usizidi mita sita hivi. Kamwe usikate pini ya ardhi ili kuondoa mvumo. Ufukweni, mtu mwenye miguu mibichi na maiki ya chuma mkononi ndiye atakayelipa. Ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote, maana ikibaki imejikunja inapata moto.

Kukagua kabla ya wageni

Piga mlio wenye hezi za mpaka uliouchagua, tuseme 100, simama wanapokaa wengi, kisha mtu ageuze polariti ya sabufa mara mbili tatu. Chukua upande wenye nguvu zaidi. Halafu weka wimbo unaoujua wenye besi isiyokatika na utembee: mbele, nyuma, pembeni zote mbili, jukwaani, hadi nje ya turubai. Utafahamu zaidi kwa mzunguko huo kuliko kwa kukaa saa nzima kwenye mikseri.

Kwa hali yako

Harusi ya mtaani Ngamiani, barabara imefungwa, nyumba zimekaribiana pande zote, kinanda na waimbaji wawili: sabufa pamoja, chini, upande mmoja wa jukwaa, mgongo usielekee dirisha la mtu. Waya njia ya kwanza, na maiki zote zikatwe besi. Kama kuna mgonjwa nyumba ya nyuma na una mikseri ya kidijitali, jaribu mpangilio wa kuzima nyuma hata kama utapunguza nguvu.

Ukumbi mrefu mwembamba: moja kila upande, zikigusa ukuta wa nyuma, njia yoyote ya waya. Ukumbi mpana wenye meza hadi kwenye pembe: zote pamoja, na umwone mpambaji siku moja kabla. Ukumbi unaovuma sana, shusha besi kwanza kisha ndipo upandishe sauti za waimbaji.

Ufukweni Raskazone, DJ na ngoma: zote pamoja, juu ya ubao au mkeka mgumu ili mchanga usiingie, spika za juu ziinuliwe. Upepo wa kusi au kaskazi unaipeperusha sauti ya juu zaidi ya besi, kwa hiyo watakaokosa kwanza ni wasikilizaji wa maneno. Chumvi hula jeki. Zipanguse ukifika nyumbani.

Kiwanja kikubwa kama Tangamano, bendi kamili: prosesa, sabufa tatu au zaidi kwa kundi moja, na oksi kama fundi yupo wakati wote.

Sabufa moja tu na chumba kidogo: iguse ukuta, nje kidogo ya kona, njia ya kwanza.

Maulidi, kisomo, mawaidha, mkutano: acha sabufa ndani ya gari. Spika za juu mbili zilizoinuliwa zinatosha.